Kwa nini Waingereza walilikata jina la Papa kwa mstari mwembamba hivi? Hoja kuhusu vitabu vya sala vya kabla ya 1540

Kalamu ya Mwanzi (#1)
Wakuu, salaam. Nimekuwa nikipitia picha za vitabu vya sala vilivyoandikwa kwa mkono huko Uingereza katika karne ya 14 na ya 15, vile ambavyo familia zenye uwezo zilikuwa zikisalia nyumbani. Mpangilio wake unafanana: mwanzoni kuna kalenda ya watakatifu, zinafuata sala za Bikira Maria za vipindi vinane vya usiku na mchana, kisha zaburi saba za toba, litania (orodha ya kuwaomba watakatifu mmoja mmoja kwa majina) na masifu ya marehemu. Mara nyingi nikifungua kalenda nakutana na jambo lile lile. Palipo na Papa mtakatifu, kama Gregori tarehe 12 Machi, neno la cheo chake limepitiwa na kalamu. Na tarehe 29 Desemba, siku ya Thomas Becket, askofu mkuu aliyeuawa ndani ya kanisa lake la Canterbury mwaka 1170, jina limekatwa au limekwanguliwa.

Sababu ya kisheria inajulikana. Mwezi Juni 1535 Mfalme Henry wa Nane, ambaye miezi michache kabla alikuwa ametambuliwa na bunge kuwa mkuu wa Kanisa la Uingereza, aliamuru jina la Papa liondolewe katika vitabu vya ibada. Tarehe 16 Novemba 1538 akatoa tangazo jingine kwamba Becket asihesabiwe tena kuwa mtakatifu, sanamu zake zishushwe, sikukuu zake ziachwe na jina lake lifutwe vitabuni. Kinachonishughulisha ni namna amri hizo zilivyotekelezwa. Mara nyingi ni mstari mmoja mwembamba, na chini yake neno linasomeka bila taabu yoyote. Dai langu ni kwamba watu hawa walitii kwa mkono huku moyo ukikataa: aliyeacha neno lisomeke alitaka liendelee kusomeka. Mwenye hoja ya kunipinga ailete.

Mzee wa Pambizo (#2)
Mkuu, dai lako lina mvuto, lakini unamvika mtu wa mwaka 1538 ushujaa ambao hakuwa na haja nao. Amri ilitaka jina liondolewe. Haikueleza kama ni kwa kisu, kwa kalamu au kwa maji. Mtu mwenye kitabu chenye dhahabu na rangi ya buluu iliyotoka kwenye miamba ya Badakhshan, Afghanistan, kitabu alichoachiwa na bibi yake, angekiharibu kwa sababu gani wakati mstari mmoja unatosha kumwonyesha mkaguzi kwamba ametii? Mimi ninaona hapo hesabu ya mwenye mali, na sioni uasi wowote.

Mwana wa Makonde (#3)
Si ajabu Henry alilichukia jina la Becket, kwa kuwa yeye ndiye aliyewatuma wale mashujaa wakamuue kanisani. Alitaka kufuta ushahidi wa dhambi yake mwenyewe.

Mwalimu wa Seminari (#4)
Ndugu Mwana wa Makonde, hapo umewaunganisha wafalme wawili. Becket aliuawa na mashujaa wa Henry wa Pili mwaka 1170, akatangazwa mtakatifu mwaka 1173, na mwaka 1220 masalia yake yakahamishiwa kwenye kaburi la fahari ndani ya Canterbury, tukio lililopewa sikukuu yake ya tarehe 7 Julai. Henry wa Nane alitoa amri yake zaidi ya miaka 360 baada ya mauaji hayo. Chuki yake ilitokana na kile ambacho Becket alikisimamia, yaani askofu aliyekufa akitetea uhuru wa Kanisa mbele ya mfalme, na kila hujaji aliyepiga magoti pale Canterbury alikuwa akikumbushwa kwamba mfalme aliwahi kushindwa. Kaburi lenyewe lilivunjwa Septemba 1538, na tangazo la kufuta jina likafuata miezi miwili baadaye. Kwa hiyo ukikagua kalenda usiishie Desemba, tazama na Julai pia.

Fundi Jalada (#5)
Nafanya kazi ya kukarabati vitabu vya zamani katika maktaba moja huku Uingereza, na ninaomba tuanze na ngozi kabla ya kwenda kwenye moyo wa mtu.

Kurasa za vitabu hivi ni ngozi ya ndama au ya kondoo. Ngozi ililoweshwa katika maji ya chokaa hadi manyoya yakalegea, ikakwanguliwa, ikawambwa kwenye fremu ya mbao na kukwanguliwa tena kwa kisu chenye umbo la mwezi mchanga huku ikiendelea kukauka na kukazwa. Wino mweusi ulitengenezwa kwa vivimbe vya mwaloni vilivyosababishwa na nyigu wadogo, chumvi ya chuma, na gundi ya migunga ambayo ilifika Ulaya kutoka Afrika na Uarabuni. Wino huo haukai juu ya ngozi. Unaila na kuzama ndani yake. Ili kuuondoa ni lazima ukwangue tabaka la ngozi lenyewe, na mahali palipokwanguliwa panabaki na manyoya manyoya ambayo kidole kinayahisi hata leo.

Sasa chukua kitabu kidogo cha kushika mkononi, ambacho ngozi yake ni nyembamba kiasi kwamba ukiinua ukurasa kwenye mwanga unaona maandishi ya upande wa pili. Ukikwangua neno lililoko katikati ya sala, unaweza kutoboa na kupoteza sala iliyoko nyuma. Wino mwekundu ni kitu kingine kabisa. Ule ni rangi iliyokaa juu ya ngozi, na kidole kilicholoweshwa kinaweza kuuvuruga. Sikukuu kubwa ziliandikwa kwa wekundu, na ya Becket ilikuwa mojawapo katika kalenda nyingi za Kiingereza. Kwa hiyo unapoona jina moja limekatwa kwa mstari na jingine limetoweka, uliza kwanza limeandikwa kwa wino gani.

Kalamu ya Mwanzi (#6)
Fundi, nashukuru kwa darasa. Hata hivyo nina swali ambalo ngozi peke yake hailijibu. Nimeona kalenda ambayo Mapapa wawili wako kwenye mwezi mmoja, wino ni ule ule mweusi na mkono ulioandika ni ule ule, lakini mmoja amekatwa na mwingine ameachwa bila hata doa. Tukisema kisu kiliogopwa, mbona hata kalamu haikupita?

Fundi Jalada (#7)
Uchovu, Mkuu. Siku za Mapapa katika kalenda si moja wala mbili, na aliyeshika kalamu hakuwa akiandika tasnifu.

Mama Upendo Songea (#8)
Hamjambo. Nimesoma kuanzia juu na ninaona wanaume wote mmejadili sheria, fedha na ngozi, lakini hakuna aliyejiuliza kitabu hiki kilikuwa na kazi gani nyingine ndani ya nyumba.

Marehemu mama yangu alikuwa na kitabu cha sala alichopewa siku ya kipaimara. Kwenye kurasa za mbele ameandika kwa kalamu ya bluu tarehe za kuzaliwa kwetu sote, na chini ya mstari ameandika waliotangulia, pamoja na mdogo wetu aliyekufa kwa surua kabla hajapewa cheti chochote cha serikali. Kitabu kimechakaa na sala nyingine hazitumiki tena, lakini hakuna mtoto wa nyumba ile atakayekubali kitupwe.

Familia za Uingereza zilifanya hivyo hivyo, tena ndani ya kalenda yenyewe. Pembeni ya siku ya mtakatifu wanaandika kwamba siku hii amezaliwa fulani, siku hii amefariki baba yetu, muombeeni. Vitabu hivi vilipita kutoka kwa mama kwenda kwa binti kwa wosia. Hata kitabu cha namna hii cha zamani kuliko vyote vya Uingereza vinavyojulikana, kilichopambwa na William de Brailes pale Oxford mnamo 1240, kilitengenezwa kwa ajili ya mwanamke, na inaaminika aliitwa Susanna. Fikirini mtu anayeambiwa afute jina la Becket wakati mstari unaofuata una jina la mtoto wake. Atashika kisu kwa nguvu gani? Mimi nasema mstari ule mwembamba uliwahifadhi wafu wa nyumba, na Papa aliponea hapo hapo.

Mzee wa Pambizo (#9)
Mama Upendo, heshima yako. Hoja hii inanigusa, ila inaeleza kalenda tu. Litania na sala za ndani hazina majina ya wanafamilia, na huko nako mistari ni myembamba vile vile.

Mwalimu wa Seminari (#10)
Kwa upande wa sala za ndani, naomba tutazame maandishi mekundu yanayotangulia sala na kutaja rehema, yaani kupunguziwa adhabu ya toharani. Ilikuwepo picha maarufu ya Kristo akisimama kaburini akionyesha madonda yake, ambayo ilihusishwa na Papa Gregori, na chini yake iliahidiwa kwamba atakayesali mbele yake Baba Yetu tano, Salamu Maria tano na Nasadiki moja atapata rehema ya miaka 32,755. Ahadi kama hizi zilitolewa kwa jina la Mapapa, na kwa hiyo zilikuwa shabaha ya wazi ya amri ya mfalme.

Jambo la kuzingatia ni hili: katika vitabu vingi ahadi ya rehema imepigwa msalaba mkubwa wa kalamu, lakini sala yenyewe iliyo chini yake imeachwa salama. Sisi tunaosali Masifu ya Asubuhi na ya Jioni tunalielewa hilo kwa urahisi. Mtu anaweza kuambiwa kwamba mamlaka fulani imeondolewa, naye akakubali, huku maneno aliyoyazoea mdomoni tangu utotoni akiendelea kuyasali kesho yake asubuhi. Kwa maoni yangu waliokata walikuwa wanatofautisha kwa dhati kati ya Papa na sala. Wapo waliokuwa wanaamini kweli kwamba mfalme ana haki, na bado wakabaki na Bikira Maria wao. Kuwaita wanafiki au waasi wa siri ni kuwapunja.

Kalamu ya Mwanzi (#11)
Mwalimu, kama walikubali kweli kwamba ahadi ile ni ya uongo, kwa nini wasiifute kabisa? Miaka 32,755 inasomeka chini ya msalaba ule kama ilivyosomeka siku ilipoandikwa. Mgonjwa aliyelala kitandani mwaka 1540 akifungua ukurasa huo anaiona ahadi, anaona imekatwa, na anaweza kusali akitumaini kwamba aliyeikata hana uwezo wa kuikata kule toharani.

Chuo Kikuu cha Mtaani (#12)
Ninawaomba wote mrudi nyuma hatua moja. Mnajenga hoja juu ya vitabu vilivyobaki, ilhali vilivyoangamia haviwezi kutoa ushahidi. Nyumba za watawa zilifungwa kati ya 1536 na 1540, na maktaba zake zikatawanyika. John Bale, ambaye alikuwa Mprotestanti mkali na hakuwa na huruma yoyote na Mapapa, aliandika mwaka 1549 akilalamika kwamba walionunua majengo yale walitumia kurasa za vitabu kusugulia vinara vya mishumaa na kupangusia viatu, na nyingine wakawauzia wenye maduka na wauza sabuni, na nyingine zikapakiwa melini kwa ajili ya majalada ya vitabu ng'ambo. Ikiwa adui wa Papa mwenyewe aliumia kwa kiasi hicho, hasara ilikuwa ya kutisha.

Kisha ikaja sheria ya mwaka 1550, enzi ya Edward wa Sita, iliyoagiza vitabu vya ibada ya zamani visalimishwe na kuharibiwa. Sheria hiyo iliviacha vitabu vya sala vilivyochapishwa chini ya Henry, kwa sharti kwamba maombi kwa watakatifu yawe yamefutwa au kukatwa ndani yake. Kwa hiyo mstari wa kalamu ulikuwa leseni ya kitabu kuendelea kuishi. Mwenye chuki ya kweli alikuwa na njia rahisi zaidi, nayo ni kukitupa kitabu motoni, na hicho hatukioni leo. Tunaowaona ni wale wa katikati, na ndiyo maana wote wanaonekana kana kwamba walikuwa wapole.

Fundi Jalada (#13)
Naunga mkono alichosema ndugu hapo juu kuhusu majalada. Tukifungua majalada ya vitabu vilivyochapishwa karne ya 16 tunakuta ndani ya mgongo vipande vya ngozi vyenye nota za muziki wa kanisa na mistari ya zaburi, vimekatwa kwa upana wa kidole ili kuimarisha mshono. Niliwahi kunyoosha kipande kimoja chenye herufi ya mwanzo ya buluu na nyekundu, rangi zikiwa mbichi kabisa kwa sababu hazikuona mwanga tangu zilipofunikwa na gundi. Kitabu kizima kilichotoa kipande kile hakipo.

Binti Kisauni (#14)
Habari za hapa. Mimi ninasoma Norwich, na kwa kuwa mmeanza kutaja vilivyopotea na vilivyookoka, mbona hakuna aliyemtaja Julian, mwanamke wa mji huu aliyejitenga na kuishi peke yake kwa ajili ya sala? Chumba chake cha ukaapweke kilijengwa ubavuni mwa kanisa la Mtakatifu Julian, ambalo lilipigwa bomu mwaka 1942 na kujengwa upya mwaka 1953. Aliona maono yake Mei 1373 akiwa mgonjwa wa kufa mwenye umri wa miaka 30, na akayaandika mara mbili, kwa ufupi na kisha kwa urefu.

Maandishi mafupi yamebaki katika nakala moja tu ya katikati ya karne ya 15, ambayo ina maelezo kwamba mwaka 1413 Julian alikuwa bado hai, na nakala hiyo haikujulikana kwa wasomi hadi ilipouzwa katika mnada mwanzoni mwa karne ya 20. Yale marefu yameokolewa na watawa wanawake wa Kiingereza waliokimbilia ng'ambo, Cambrai na Paris, wakayanakili na kuyatunza. Nayo yakachapishwa mwaka 1670. Hapo hapana mstari mwembamba wala mnene: wanawake walibeba maneno na kuondoka nayo.

Na kuna fumbo dogo. Nakala ya Paris inasema maono yalianza tarehe 13 Mei, na nakala iliyoko London inasema tarehe 8. Kwa tarakimu za Kirumi tofauti ni herufi ya kwanza tu, x au v. Mnakili mmoja aliteleza, na hadi leo Waanglikana wanamkumbuka tarehe 8 na Wakatoliki wengi tarehe 13.

Mwana wa Makonde (#15)
Dada Kisauni, hii ni habari njema. Nami niongeze Margery Kempe, mama wa watoto 14 kutoka mji wa Lynn, aliyekwenda hija Yerusalemu, Roma na Santiago, na ambaye alimtembelea huyo Julian mnamo 1413. Kitabu chake kilipatikana kwenye magofu ya monasteri mwaka 1934.

Binti Kisauni (#16)
Kaka, hakikupatikana kwenye magofu. Kilipatikana katika nyumba ya familia ya Butler-Bowdon, familia ya Kikatoliki ya tangu zamani, na inasimuliwa kwamba kilijitokeza kabatini wageni walipokuwa wakitafuta vifaa vya kuchezea tenisi ya mezani. Mtafiti Hope Emily Allen ndiye aliyekitambua. Monasteri inaingia hapa: ndani yake pameandikwa kwamba ni mali ya Mount Grace, nyumba ya Wakartusi huko Yorkshire, na watawa wa pale wameweka maelezo yao pambizoni kwa wino mwekundu. Margery alikuwa akilia kwa sauti kubwa kanisani mpaka watu wakamchukia. Mtawa mmoja ameandika pembeni ya kilio hicho kwamba Norton, aliyekuwa mkuu wa nyumba yao, naye alipatwa na hali ya namna hiyo. Kabla ya 1934 ulimwengu ulikuwa na kijitabu chembamba tu cha dondoo, kilichochapishwa mnamo 1501, ambacho kilikuwa kimemnyamazisha mama huyu karibu kabisa. Na toleo la 1521 likamgeuza mkaapweke, yeye aliyezunguka nusu ya dunia aliyoijua.

Kalamu ya Mwanzi (#17)
Hapo sasa mmenisaidia. Mount Grace ilifungwa Desemba 1539, na kitabu kikaibukia kwa familia iliyoshikilia imani ya zamani. Kuna mtu alikichukua kwa makusudi kabla wauzaji hawajafika. Kama wapo waliookoa kitabu kizima, wapo pia waliookoa neno moja kwa kulipitishia mstari mwepesi.

Chuo Kikuu cha Mtaani (#18)
Mkuu, unavuta kila samaki kwenye wavu wako. Kitabu kilichokaa kabatini karne nzima bila kuchapishwa wala kutajwa hakionyeshi ulinzi wa makusudi. Kinaonyesha kabati ambalo hakuna aliyelifungua. Hata nusu ya hivi vitabu vyako vya kalenda huenda vilishasahaulika mwaka 1535, na mrithi asiyesali akavitia mstari kwa dakika chache ili mambo yaishe.

Mzee wa Pambizo (#19)
Kama vilisahaulika au la, hilo linapimika. Mwaka 2010 Kathryn Rudy alichapisha utafiti ambamo alitumia kifaa cha kupima weusi wa uchafu ulioachwa na vidole kwenye kona za kurasa, akalinganisha ukurasa na ukurasa. Vitabu alivyovipima vilikuwa vya Uholanzi, lakini njia yenyewe inafaa popote palipo na ngozi na vidole. Aliona kwamba watu walichafua sana kurasa walizozihitaji kwa maisha yao, kama sala kwa Mtakatifu Sebastiani dhidi ya tauni, na nyingine zikabaki nyeupe. Kalamu ya Mwanzi, kabla hujasema mtu alitaka jina lisomeke, tazama kama kona ya ukurasa huo imechafuka. Ukurasa mweupe wenye mstari mwembamba unampa haki Chuo Kikuu cha Mtaani.

Mama Upendo Songea (#20)
Na ukurasa uliochafuka wenye mstari mwembamba je?

Mzee wa Pambizo (#21)
Huo, Mama, unakupa haki wewe. Lakini uchafu hauna tarehe. Vidole vinaweza kuwa vya bibi aliyefariki miaka 50 kabla ya amri.

Mwalimu wa Seminari (#22)
Kuhusu aliyesali wakati wa amri zenyewe tunaye shahidi mmoja asiye na shaka. Thomas More, aliyekuwa waziri mkuu wa sheria wa Henry, alifungwa katika Mnara wa London tangu 1534 kwa kukataa kiapo kilichotakiwa na mfalme, na alikuwa na kitabu chake cha sala za vipindi kilichochapishwa Paris mwaka 1530, ambacho sasa kipo Chuo Kikuu cha Yale. Juu na chini ya kurasa za sala za Bikira Maria ameandika kwa mkono wake sala ya Kiingereza ya kuomba neema ya kuuacha ulimwengu. Alikatwa kichwa tarehe 6 Julai 1535, mwezi mmoja tu baada ya amri ya kufuta jina la Papa. Huyu alitumia pambizo kusema alichokiamini, naye akakilipia kwa uhai wake. Mwenye mstari mwembamba alijua vizuri gharama hiyo, na ndiyo maana siwezi kumdharau kwa kuchagua njia nyingine.

Mwana wa Makonde (#23)
Je, alipoingia Malkia Mary, ambaye alikuwa Mkatoliki, hawakuyarudisha majina?

Fundi Jalada (#24)
Wapo waliorudisha, na ni kati ya kurasa zinazonivutia kuliko zote: ngozi imekwanguliwa hadi imekuwa na manyoya, kisha mkono wa baadaye umeandika jina upya juu yake, na wino umesambaa kidogo kwa sababu sehemu iliyochunwa haishiki kalamu vizuri. Mary alitawala kuanzia 1553 hadi 1558. Kuna kitabu kikubwa cha zaburi cha mwanzoni mwa karne ya 14 ambacho mwaka 1553 ofisa wa forodha wa London, Baldwin Smith, alikizuia kisisafirishwe nje ya nchi na kumpa malkia, na mpaka leo kinaitwa kwa jina la malkia huyo. Chini ya kurasa zake kuna maisha ya Becket yamechorwa tukio kwa tukio.

Ila hapa pana ugumu kwa mleta uzi. Mstari wa kalamu hausemi umechorwa lini. Unaweza kuwa wa 1535, wa 1550, au wa mjukuu Mpuriti (Mprotestanti wa msimamo mkali) wa 1640 aliyekuta kitabu sandukuni. Mstari uliofifia sasa unaweza kuwa ulikuwa mweusi na mzito siku ulipochorwa. Wino wa chuma hupauka na kuwa kahawia ukichanganywa vibaya. Chini ya mwanga wa zambarau usioonekana kwa macho tunasoma hata kilichokwanguliwa, lakini dhamira ya mtu haitokei.

Kalamu ya Mwanzi (#25)
Basi nibadilishe mwelekeo wa hoja bila kuiacha. Tulinganishe Papa na Becket ndani ya kitabu kimoja. Ninachokiona mara nyingi ni kwamba Papa amepitiwa kwa wepesi na Becket ameshughulikiwa kwa ukali. Kama tatizo lingekuwa uchovu, thamani ya kitabu au majina ya familia, wote wawili wangetendewa sawa.

Mzee wa Pambizo (#26)
Kati ya amri ile ya 1535 na hii ya 1538 nchi ilibadilika, Mkuu. Mwishoni mwa 1536 watu wa kaskazini waliandamana kwa maelfu wakiwa na bendera za Madonda Matano ya Kristo wakidai nyumba za watawa zirudishwe, na mwaka 1537 kiongozi wao Robert Aske akanyongwa York. Mwaka 1535 mtu angeweza kudhani mfalme na Roma watapatana kesho. Aliyeshika kisu mwaka 1538 alikuwa ameona watu wakining'inia. Mkono ulikaza kwa hofu.

Fundi Jalada (#27)
Au jina la Becket lilikuwa la wekundu na la Papa lilikuwa jeusi, kama nilivyoeleza kwenye #5. Leteni kalenda ambayo Becket ameandikwa kwa wino mweusi, tuone kama naye amekwanguliwa kwa nguvu ile ile. Hapo ndipo nitakapokubali kwamba hofu inaonekana kwenye ngozi.

Binti Kisauni (#28)
Fundi, litania na sala za kumkumbuka Becket ndani ya vitabu zimeandikwa kwa wino mweusi. Nimeona kitabu ambacho kalenda yake imekwanguliwa pote, Desemba na Julai, na kwenye litania Thomas bado amekaa kati ya wafiadini wenzake, hajaguswa. Kama ni hofu, iliishia kwenye kurasa za mwanzo.

Chuo Kikuu cha Mtaani (#29)
Dada, mkaguzi naye huanza na kurasa za mwanzo. Kalenda ina tarehe, kwa hiyo hata asiyejua Kilatini anajua mahali pa kutazama; litania ni orodha ndefu ya majina ambayo ni lazima uisome yote, tena Mathomasi wako wawili, mtume na askofu. Ukitaka kuamua kati ya hofu ya Mzee na wino wa Fundi, anza na vitabu ambavyo Becket ana sala yake peke yake, yenye jina lake kamili na picha ya mauaji, kwa sababu hapo hakuna mwenye kisu angeweza kusema hakuona.